Madame wa Kemia na Vumbi Langu la Mbao

Jumamosi ukipita avenue yetu, mtaa wetu huu wa commune ya Tshopo, Kisangani, ukasikia harufu ya mti uliochemshwa na majivu, usiulize ni nani anapika. Ni Madame. Watoto wanaziba pua na kuendelea na mpira wao, mbwa wanahamia upande wa pili wa barabara, na mke wangu anaanua nguo haraka kabla hazijaibeba ile harufu mpaka kanisani kesho yake. Ni miaka tisa sasa, na hatujazoea.

Jina lake analo, tena ni jina zuri, lakini sijasikia mtu akilitaja tangu mumewe alipofariki. Sisi sote tunamwita Madame, na wageni tunawaambia Madame wa Kemia, kwa sababu alifundisha kemia kwenye shule ya sekondari ya karibu hadi alipostaafu. Nusu ya watu wazima wa avenue hii walikaa mbele yake wakitetemeka, na mimi nikiwa mmoja wao. Siku hizi mimi ni fundi mbao. Karakana yangu inapakana na ua wake, na katikati kuna ukuta wa matofali unaonifika kifuani. Juu ya ukuta huo nimempitishia magunia ya vumbi la mbao nisiyoweza kuyahesabu, na juu ya ukuta huo huo nimekaripiwa kwa Kifaransa safi sana.

Haniiti kwa jina langu. Ananiita Trois-sur-Vingt, yaani tatu kwa ishirini, maana ndizo alama nilizopata katika mtihani wake wa mwisho nilipokuwa mwaka wa nne. Somo lilikuwa sabuni: jinsi mafuta yanavyogeuka sabuni na jinsi sabuni inavyoweza kurudi kuwa mafuta. Sikuelewa kitu. Nimeoa, nimezaa, nimejenga, lakini alama zangu ni zile zile. Mteja mmoja aliyekuja kuagiza kitanda cha harusi alimsikia akiniita hivyo juu ya ukuta, akadhani anataja vipimo vya ubao, akaniomba nimwekee mnene zaidi.

Darasani alikuwa na sheria moja aliyoipenda kupita zote: jaribio lolote lifanywe mara tatu. Ukipata matokeo mara ya kwanza, alichukua chaki, akaandika 1 pembeni ya ubao, basi. Hakukusifu. Mara ya pili aliandika 2. Mara ya tatu, matokeo yakiwa yale yale, ndipo alipopiga mstari chini ya namba zake na kusema kwamba sasa tunaweza kuanza kuamini. Mwenzetu mmoja aliwahi kupata rangi iliyotakiwa mara mbili mfululizo, akaanza kucheza katikati ya madawati, na mara ya tatu chupa ikapasuka. Madame alimpa ufagio, akangoja amalize, kisha akafuta namba zote mbili na kumwambia aanze upya. Niliichukia sheria ile. Leo napima ubao mara tatu kabla ya kukata, na sina mpango wa kumwambia.

Sasa, anachopika. Nilimuuliza siku ya kwanza alipokuja ukutani kuniomba vumbi nililokuwa nikilichoma. Nilidhani anataka la kutandikia banda la kuku.

"Unajua nyumba ya udongo?" aliniuliza. "Kuna miti yenye inasimama, na kuna udongo yenye inashika ile miti. Bon. Ndani ya mbao iko vile vile. Kuna nyuzi, na kuna kitu inashika nyuzi. Inaitwa lignine. Bila ile, muti yote ya forêt ingelala chini kama majani ya pondu ku sufuria."

Nilimwambia nimeelewa. Alinitazama kama aliyekuwa akiikumbuka karatasi yangu ya mtihani.

Anachotaka ni kuutoa huo udongo wa ndani ya mbao na kuufanya plastiki. Vumbi analichemsha na maji ya majivu, majivu ya vichala vya michikichi vilivyochomwa, yale yale wanayotumia mama zetu wanaopika sabuni. Analichemsha asubuhi nzima ndani ya sufuria kubwa ya kufunga kwa skrubu, mpaka maji yawe meusi na mazito. Anayachuja kwa kitambaa, anakamulia karai zima la ndimu za mti wake, na hapo maji yanakatika: tope la kahawia linashuka chini, polepole. Hiyo ndiyo lignini. Anaiosha kwa maji ya mvua na kuianika juu ya bati mpaka iwe unga kama kakao. Mwishowe anachanganya unga huo na formol kidogo, ile dawa kali ya maabara, akiwa amejifunga kitambaa puani na kutufukuza sote upande ambao upepo hauendi, anaushindilia ndani ya kalibu ya chuma kwa jeki ya gari, na kuuoka juu ya babula, lile jiko letu la makala. Kinachotoka ni kitu cheusi, kinachong'aa, kigumu kama kwato.

Vipimo vyake ndivyo vinavyonichekesha. Mwanamke aliyetupiga marufuku kusema "kidogo" darasani anapima majivu kwa kopo la sadini na formol kwa kifuniko cha chupa ya bia. Lakini daftari lake, ungeliona. Mwandiko umenyooka, kila Jumamosi ina ukurasa wake, na juu kulia ameandika kama kulikuwa na jua au mvua. Kujua kama unga umeoshwa vya kutosha, anachovya kidole kwenye maji ya mwisho na kuonja. Chumvi ikiwemo bado, anaosha tena. Fundi mmoja wa magari alimshauri atumie maji ya betri badala ya ndimu, kazi iende haraka. Alikataa, akasema hana mpango wa kuonja betri.

Ile formol ilimletea maneno. Aliipata chupa ndogo kwa mtu aliyesoma naye anayefanya kazi maabara, na yule aliyeibeba akawaambia wawili watatu kwamba ni dawa ya morgue. Kufikia jioni avenue nzima ilijua kwamba Madame anahifadhi maiti. Wanawake wa kwaya yake walikuja wanne, na rozari zao, na kusimama mlangoni bila kusema wanachotaka. Aliwakaribisha, akafungua milango yote, akawafunulia sufuria moja moja na kuwataka wachungulie ndani. Baadaye aliwapa kila mmoja kishikio cha kifuniko cha sufuria, cheusi, kipya kabisa, waende wakajaribu nyumbani.

Maana hicho ndicho alichochagua kutengeneza: kishikio cha kifuniko. Sufuria zetu za aluminiamu huwa zinapoteza vishikio mapema, na nyumba nyingi wanainua kifuniko kwa kitambaa, au kwa kokwa ya embe iliyofungwa waya. Kwa nini asianze na kitu kikubwa zaidi, nilimuuliza. Alisema kishikio kinakutana na moto, mvuke, mafuta na mkono wa mwanamke mwenye haraka. Kikishinda hapo, kitashinda popote.

Hakikushinda. Cha nyumbani kwetu, maana nasi alitupa kimoja, kilikaa vizuri siku mbili. Siku ya tatu shemeji yangu alikuja kutoka Yanonge na shati jeupe, mke wangu akapika maharage, na baada ya saa tatu za mvuke alipoinua kifuniko, kishikio kilibaki mkononi mwake kimelegea kama ubani uliotafunwa. Kifuniko kikaanguka ndani ya sufuria. Shati lile shemeji hakulivaa tena. Habari kama hizo zilitoka nyumba zote nne za kwaya, na Madame alipita mlango kwa mlango kuziandika daftarini, saa ngapi, moto wa namna gani, maharage au pondu. Aliomba radhi kwa kila mtu. Juma lililofuata aligawa vingine.

Usidhani ni mtu wa kuchukia plastiki ya dukani. Hapo ndipo watu wanapomkosea. Chupa tupu zinazoziba mifereji yetu anaziokota kwa ncha ya mwavuli huku akinung'unika, lakini sahani yake ya plastiki ya kijani, aliyopewa siku ya harusi, anaisifu kama mtu anavyosifu ng'ombe. Anasema kosa si la plastiki. Kinachomuudhi ni kingine, na aliniambia siku moja tulipokuwa tumesimama kando ya mto tukiangalia magogo yakipakiwa kwenye barge, tishari refu la mtoni.

"Muti inashuka na barge mpaka Kinshasa," alisema. "Na sisi tunabaki hapa kungoja chanuo ya plastiki ipande na barge."

Tuliangalia barge ile mpaka ikatoka. Kisha akaita toleka, baiskeli ya kubeba abiria, ya kumrudisha nyumbani. Pikipiki hapandi, anasema zinakimbia kuliko akili ya anayeziendesha. Hupanda baiskeli, amekaa upande, mwavuli umefunguliwa kuwe na jua au mvua, na njia nzima anamfundisha dereva habari ya breki. Vijana wa toleka wanamwogopa na kumgombania kwa wakati mmoja.

Na ni mwizi. Niseme ukweli. Kwenye ludo, mke wangu akigeuka kuangalia jiko, kete za Madame zinasogea. Nilimkamata mara moja, waziwazi, kidole bado kikiwa juu ya kete, nikamuuliza kama huyu ndiye aliyenipa sifuri kwa kubadilisha namba moja kwenye ripoti ya maabara. Hakuona haya hata kidogo.

"Kwenye muchezo unamwibia mwenzako, anakasirika, mnacheka," alisema. "Kwenye daftari unajiibia weye mwenyewe, na hakuna mutu wa kukukamata."

Kete haikurudi ilipotoka.

Miaka miwili iliyopita aliteleza kwenye saruji ya uani, siku ya mvua. Kwetu mvua haina mwezi wake. Wageni wanaokuja kufanya kazi hapa wanauliza mvua inaisha lini, na sisi tunawaonea huruma, kwa sababu Kisangani mvua hupumzika tu, haiishi. Madame aliumia nyonga na kulala wiki tatu. Mke wangu alimpikia, mimi nikamtengenezea kigoda cha kuogea. Binti yake, mtoto wake wa pekee, anayeishi Kinshasa, alikuja kwa ndege na sanduku tupu. Sanduku lile lilikuwa la mama.

Nilikuwa narekebisha mlango wa chumba, kwa hiyo nilisikia yote bila kutaka, au kwa kutaka kidogo. Binti alisema kuna chumba tayari, kuna feni, kuna wajukuu, na kwamba kila simu ikilia usiku moyo wake unasimama. Alisema kwa upole na machozi, na sikuweza kumpinga hata moyoni. Madame alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ana kazi hajaimaliza. Siku kishikio chake kitakapoinua kifuniko cha maharage yaliyoiva, atafunga sanduku mwenyewe. Binti aliuliza kama hilo ni neno la kweli. Wakapeana mkono, mama na mwana, kama wafanyabiashara wawili sokoni, na sanduku likabaki tupu chini ya kitanda.

Tangu siku hiyo binti anapiga simu kila Jumapili baada ya misa, na swali la kwanza ni lile lile: "Maman, kishikio?" Na jibu lilikuwa lile lile: bado.

Sasa alikuwa akipika kwa namna nyingine. Alitaka kushinda, na alijua akishinda ataondoka. Mimi nilimwona akikaza mwendo hata hivyo, kwa sababu ndivyo alivyo. Alishuka mpaka Yangambi kwa mtumbwi wa injini, na nyonga yake ile, kuwauliza watu wa utafiti mti gani una lignini nzuri. Akarudi na orodha ndefu ya majina ya miti na samaki wawili wakavu, akaniamuru nimtengee vumbi la kila mti gunia lake. Nikatenga. Vishikio vikalegea kama zamani. Akashuku majivu, akanunua dukani soda ya kupikia sabuni. Vikalegea. Akashuku mvua, akaanika unga jikoni kwake mpaka paka akawa wa kahawia. Akashuku formol, kalibu, jeki, hata macho yake mwenyewe. Kila mara sufuria ilipotokota lilipanda povu jingi, na aliandika daftarini: povu la mti. Mimi hakunishuku hata siku moja.

Ilikuwa Jumamosi kama nyingine. Nilikuwa nimeshinda na mnyororo wa baiskeli, mikono yangu myeusi kwa grisi, na nilipomkabidhi gunia aliniambia nisiguse ukuta wake kwa uchafu ule. Kando yake kulikuwa na ndoo ya povu aliloengua kwenye sufuria na kuliacha lipoe. Nikatumbukiza mikono kwa utani. Ikatoka safi kama ya mtoto aliyeoshwa. Nikacheka, naye akacheka, nikarudi karakana kuendelea na kazi, nikachukua msumeno, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye chupa iliyoning'inia msumarini.

Ni chupa ya mawese. Kila fundi hapa kwetu anayo. Mbao zetu zinakuja mbichi, zina maji, zinabana msumeno, kwa hiyo unatoboa kifuniko cha chupa matundu matatu, na kila ukivuta mara kadhaa unadondosha mawese kwenye bamba. Msumeno unateleza. Aliyenifundisha kazi alifanya hivyo, na aliyemfundisha yeye pia. Na mimi nina mkono mzito. Vumbi langu ni jekundu, na siku zote nilidhani ni rangi ya mti. Nilisimama na chupa ile mkononi. Mawese na maji ya majivu: hakuna mwanamke Kisangani asiyejua hivyo vinapika nini. Miaka yote hiyo Madame alikuwa anapika sabuni katikati ya plastiki yake. Na anapokamulia ndimu, sabuni inarudi kuwa mafuta, mafuta yanajificha ndani ya unga, na maji ya mvua hayawezi kuyatoa hata aoshe mara ngapi. Niliyajua haya yote kwa mpigo mmoja, na nilijua nimeyasikia wapi. Lilikuwa ni lile somo la tatu kwa ishirini.

Nilitakiwa niruke ukuta siku ile ile. Sikuruka. Nilifikiria: nikisema, kishikio kitashika, kikishika, sanduku litafungwa. Nani ataniita Trois-sur-Vingt? Nani atamwibia mke wangu kwenye ludo? Nilijiambia nitasema kesho, na kesho ikawa miezi saba. Kila Jumamosi nilimpa gunia, akanishukuru. Na kuna Jumamosi moja, naandika hili nikiwa na aibu, niliidondosha ile chupa zaidi ya kawaida.

Kisha Jumamosi moja alikuja ukutani, na nilipoinua gunia alilisukuma kwa kiganja akalirudisha. Hakulitaka. Alikuwa ameshika daftari lake la tisa, na alionekana mdogo, kama mtu aliyeketi wakati amesimama. Alisema ameacha.

"Nimefundisha watoto miaka mingi kusema inawezekana," alisema. "Nikaandika na chaki ku tableau. Labda nilifundisha uongo."

Hilo sikuliweza. Kuondoka kwake ningelivumilia kwa namna fulani. Kumwona akijitoa alama yeye mwenyewe, hapana. Nilikwenda msumarini, nikachukua chupa, nikaiweka juu ya ukuta kati yetu.

"Madame, iko mawese," nilisema. "Mi nawekaka ku msumeno. Tangu mwanzo. Sciure yote nilikupa, vumbi yote, iko na mafuta."

Aliichukua chupa. Akaitazama matundu yake matatu, akainusa, akadondosha tone kwenye kidole, akaonja. Niliona uso wake ukisoma ukurasa baada ya ukurasa: povu, ndimu, unga, maharage, shati la shemeji. Nilidhani atapiga kelele. Kwa kitambo nikaona furaha, furaha kamili ya mtu aliyepata jibu. Kisha akaniuliza nimejua tangu lini.

Ningeweza kusema tangu jana. Nilisema miezi saba, na nikasema kwa nini.

Aliibana chupa kwapani. "Mafuta nakusamehe," alisema. "Mafuta hukujua. Lakini miezi saba, ulikuwa unanipatia sciure na macho inaniangalia." Akafunga daftari. "Ulikuwa na tatu. Sasa iko mbili."

Akaingia ndani na chupa yangu.

Wiki mbili hakunisemesha. Alipita na mwavuli wake kama karakana haipo. Hatimaye mke wangu alirudi kutoka kwake na karatasi iliyokunjwa, mwandiko umenyooka: nioshe msumeno kwa maji moto na sabuni, mara tatu, nifagie sakafu mpaka saruji, nikate mti mmoja tu, bila tone la kitu chochote. Jaribu wewe kukata mbao mbichi bila mafuta. Msumeno ulibana, mikono ikachubuka, nilimaliza siku mbili kwa kazi ya asubuhi moja, na majirani walisimama kuniangalia nikitukana ubao. Vumbi lilitoka jeupe. Sikuwa nimewahi kuona vumbi langu likiwa jeupe. Gunia nililipitisha juu ya ukuta, na sufuria ilipotokota siku ile, povu halikupanda.

Kishikio kilijaribiwa Jumapili, kwa sababu maharage ya Jumapili ndiyo mengi. Tulikuwa watatu kwenye baraza la jiko lake: yeye, mke wangu na mimi, niliyeruhusiwa kukaa lakini si kusogea. Maharage yalianza kabla ya misa na yalikuwa bado yakichemka tuliporudi. Mvua ilikuwa inapiga bati. Madame alivaa miwani, akasogea kwenye babula, akashika kishikio kwa vidole vitatu, bila kitambaa, akainua.

Kifuniko kilipanda. Mvuke ukamfunika miwani, naye akabaki hivyo, mkono juu, kifuniko hewani, bila kuona kitu na bila kukishusha. Akakitikisa. Akakigonga kishikio kwa kijiko, kikalia kama mfupa. Mke wangu alipiga magoti akimshukuru Mungu. Mimi nililia, tena kwa sauti, na sijui kwa lipi kati ya mawili: nilikuwa na furaha kwa ajili yake kama sijawahi kufurahi kwa kazi yangu mwenyewe, na nilikuwa nimeona sanduku lile chini ya kitanda nilipotengeneza mlango.

Simu ikalia. Ilikuwa saa yake. Madame aliibonyeza sauti itoke nje, maana mkono mmoja bado ulikuwa umeshika kifuniko, na sote tukasikia: "Maman, kishikio?"

Nilijua hatadanganya. Mtu anayeiba kete ataiba kete, lakini hili lilikuwa jambo la daftari.

"Kimeinua," alisema.

Upande wa pili palikuwa na kelele, kicheko, watoto wakiitwa, binti akisema anatafuta ndege, akisema chumba kiko tayari, Maman, feni imerekebishwa. Madame alimwacha amalize. Alikiweka kifuniko mezani taratibu, akachukua kipande cha chaki kwenye mfuko wa aproni, akaenda kwenye mlango wa jiko, akaandika 1. Hakupiga mstari chini yake.

"Nimeandika moja," aliiambia simu.

Ikaja sauti ya binti, ya mtu aliyewahi kukaa kwenye yale madawati: "Maman. Mara tatu?"

"Ulikuwa élève yangu. Unajua."

"Alors, ya pili iko siku gani?"

Madame alitoka hadi ukingo wa baraza. Aliitazama ile bati anayoanikia unga, maji yakiruka juu yake, akaitazama mbingu ya Kisangani iliyofunga toka Tshopo mpaka ng'ambo ya mto, kisha akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu siku ya ile chupa.

"Unga inataka kukauka muzuri," alisema. "Ya pili tutafanya mvua ikiisha."

Binti yake alikulia avenue hii hii, chini ya mvua hii hii. Tulimsikia akianza kucheka.